Kokoto za Mama wa Chini

Mfaransa akisema *gravier*, muuzaji humrudia na swali: iliyopondwa au iliyoviringwa na maji? Sisi kwa Kiswahili huwa tumeshajibu. Kokoto zimevunjwa kwa nyundo au kwa mashine, zina pembe. Changarawe, kwa wengi wetu, ni vijiwe laini vya mtoni au ufukweni. Tofauti hiyo tuliisoma darasani bila kuijali sana, mpaka tulipoombwa kusaidia kutengeneza njia katika ua wa nyumba moja hapa Forest (au Vorst, kwa wanaotumia Kiholanzi).

Ua huo uko kwenye mteremko, kama nusu ya mtaa huu, unaoshuka kutoka Altitude Cent hadi bonde la mto Senne. Mvua ikinyesha juu, maji huja chini, na watu wa upande wa Saint-Denis wanajua maana yake. Ndiyo sababu wenye nyumba hawakutaka zege: walitaka maji yazame ardhini. Na kwenye mteremko changarawe za mviringo huteleza na kukimbia, lakini kokoto hushikana kwa pembe zake. Basi, kokoto.

Swali likabaki: kiasi gani? Njia ilikuwa na urefu wa meta 14 na upana wa meta 1.2, na mwisho wake palitakiwa duara la kukalia, kipenyo meta 4. Mmoja wetu alihofia kwamba mteremko ungeharibu hesabu yote. Tukamtoa hofu kwa Pythagoras: njia inashuka meta moja na nusu tu, hivyo urefu wa kweli unazidi ule wa ramani kwa sentimeta 8.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya unene. Wapo waliotaka sentimeta 8, kwa imani kwamba kingi hakiharibu. Lakini anayeishi chini, na ambaye njia hii ilitengenezwa hasa kwa ajili yake, ni mama mmoja mzee kutoka Bukavu anayetembea kwa mkongojo. Majira ya baridi yote hakuweza kufika kwenye viti vya nyuma kwa sababu ya matope. Kokoto zikiwa nene mno, mkongojo huzama na mguu hutafuta pa kukanyaga. Zikiwa chache mno, matope hurudi. Tukashindilia udongo vizuri, tukatandika kitambaa cha kuzuia magugu, tukaamua sentimeta 5.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Njia: 14 × 1.2 × 0.05, sawa na meta za ujazo 0.84. Duara: 2 × 2 × 3.14 × 0.05, karibu 0.63. Jumla 1.47. Ukiongeza asilimia kumi kwa ajili ya kushuka na kupotea, unapata 1.6. Meta moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa karibu tani moja na nusu, kwa hiyo tani 2.4. Kwa sentimeta 8 zingekuwa karibu tani 3.9.

Mwenzetu aliyekulia Goma alicheka kusikia tunanunua mawe kwa tani. Kwao, baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2002, mawe yalijaa mpaka katikati ya mji. Kilichokuwa na bei ni mgongo wa kuyabeba. Dar es Salaam nako, wanawake wanaoponda kokoto Kunduchi hawahitaji kuelezwa ndoo moja ina uzito gani.

Mama alikuwa upande wao. Tulipomwonyesha karatasi yetu yenye meta na tani, aliitazama kidogo, akaiweka mezani, akauliza: "Sasa, batoto, mawe hii yote itapitia wapi?"

Ingepitia kwake. Nyumba za Brussels zimebanana ukuta kwa ukuta, hakuna uchochoro wa kwenda nyuma. Njia ni ukumbi wa chini, mbele ya mlango wake, juu ya vigae alivyokuwa ameviosha asubuhi. Na rundo huwezi kuliacha barabarani upendavyo bila kibali cha manispaa. Tukabadilisha hesabu kuwa ya toroli: lita 60 kila safari, kilo 90, safari 27. Hapo akatikisa kichwa kukubali, akatupa mazulia mawili ya zamani tutandike ukumbini. Kwa sentimeta 8 zingekuwa safari 43, na hatudhani tungeyapata hayo mazulia.

Lori lilikuja saa mbili asubuhi. Tulihesabu kwa sauti, kwa zamu, mmoja akisukuma na mwingine akishika mlango. Toroli ya 25 ilimaliza duara. Zilizobaki, toroli mbili kasoro, tulizimwaga chini ya mfereji wa paa, mahali ambapo maji yalikuwa yamechimba shimo. Mama alikuwa ameshaketi nyuma, akituelekeza pa kusawazisha.