Kujuta na Kurudi

Nikiwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu aliandika ubaoni kitenzi kimoja cha Kiingereza: repent. Akauliza maana yake. Sote tukajibu, "Kutubu." Akatuambia tuchimbe zaidi.

Tuliona kwamba Waingereza walilipokea neno hilo kutoka Kifaransa, nacho kililitoa katika Kilatini. Mzizi wake ni majuto, kuumia moyo kwa jambo lililotendeka. Agano Jipya la Kiyunani lina metanoeo, kubadili nia. Manabii, kwa Kiebrania, walisema shuv, yaani kurudi. Na "tubu" yetu, iliyotoka Kiarabu, asili yake pia ni kurudi.

Nilifaulu somo lile. Kulitenda kulinishinda.

Kabla ya kufariki, baba alitugawia shamba la migomba huko Karagwe, mimi na kaka yangu. Kaka akiwa safarini, nilisogeza mpaka, nikajipatia mistari miwili yake. Alipouliza, nikamwambia amesahau. Kwa miaka mitatu niliungama moyoni kila Jumapili, nimevaa kanzu ya uchungaji. Nilijuta kweli, hata machozi yalinitoka. Lakini ndizi niliendelea kukata.

Jumapili moja nilialikwa kuhubiri Nkwenda, wilayani Kyerwa. Somo lilikuwa Luka 19. Nilipofika pale Zakayo anapoahidi kurudisha mara nne, sauti ilinikauka. Baada ya ibada nilipanda pikipiki. Nilipofika Omurushaka sikwenda nyumbani kwangu, nilikwenda moja kwa moja kwa kaka.

Nilimwambia yote. Hakunikumbatia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Chukua jembe, twende." Tuling'oa miti ya mpaka, tukaipanda pale alipoiweka baba. Jioni shemeji alituwekea ndizi na maharage, tukala sahani moja.

Mwaka 1517 Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kufundisha kwamba maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Kurudi kwangu hakukununua msamaha. Kristo alikwisha kuulipia. Msamaha huo ndio ulionipa nguvu ya kushika jembe.

Mpendwa, kama moyo wako unajuta, mshukuru Mungu, maana hiyo ni kazi ya Roho wake. Lakini usiishie hapo. Yuko nani anayekungoja urudi? Nenda kwake wiki hii.