Upepo Unapoitangulia Mvua: Kutoka Aberdeen hadi Mwigobero

Mwezi Mei hapa Aberdeen, Uskoti, watu wakidhani majira ya baridi yamekwisha, hewa ya Aktiki huweza kushuka ghafla kutoka kaskazini. Kwa kuwa ni nzito, hupenya chini ya hewa ya joto na kuisukuma juu. Upepo hugeuka, mvua hunyesha, baridi hukaza. Lakini taarifa huwa imeshatangulia. Ramani ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, imepakwa njano, kaharabu au nyekundu, redio imesoma hali ya bahari eneo kwa eneo, na manahodha wa bandari ya Peterhead wameshaamua nani atoke na nani abaki gatini.

Kwetu mkoani Mara, Tanzania, masika nayo huaga kwa kishindo. Musoma iko karibu na ikweta, hivyo baridi yake haitoki ncha ya dunia; chanzo ni Ziwa Victoria lenyewe. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea majini kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Mvua ikianza kushuka huvuta chini hewa baridi, nayo ikigusa maji hutawanyika kwa kasi. Ndiyo maana dhoruba humpiga mvuvi kabla ya tone la kwanza. Na saa hizo ndizo za dagaa, kwa kuwa dagaa hufuata taa gizani.

Nchi kavu nako kuna hasara. Butiama, udaga ulioanikwa juu ya mawe huloa na kuota ukungu. Bunda, pamba iliyokwisha kupasuka shambani huchafuka, na mkulima aliyetarajia bei ya pamba safi huishia kuuza fifi, yaani pamba chafu ya bei ya chini.

Si kwamba nyumbani hatuna utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa angalizo na tahadhari, Ziwa Victoria likiwemo. Hata hivyo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani limewahi kutaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka katika ziwa zima. Pengo liko kati ya taarifa na mwalo.

Waingereza nao walilipia somo hili kwa roho za watu. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilivunjika pwani ya Wales katika dhoruba, wakafa zaidi ya watu 400. Mwaka 1861 Robert FitzRoy, mwanzilishi wa Met Office, akaanzisha maonyo ya dhoruba: maumbo ya koni na ngoma yalipandishwa mlingotini bandarini, yakaonekana na kila baharia, hata asiyejua kusoma. Na tangu 1824 RNLI, chama cha uokoaji baharini, kimekuwa na boti za uokoaji, zinazoendeshwa zaidi na wenyeji wa kujitolea.

Mambo hayo hayahitaji utajiri wa mafuta ya Bahari ya Kaskazini. BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ya Mwigobero pale Musoma inaweza kusimamisha mlingoti na kupandisha bendera nyekundu TMA inapotoa tahadhari. Mwenye mtumbwi anaweza kununua maboya ya kuvaa kabla ya kununua taa nyingine. Lililo gumu zaidi ni mgawo: mvuvi hulipwa kwa alichovua, kwa hiyo usiku wa kubaki nchi kavu ni usiku wa njaa kwake peke yake. Tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, akikubali kubeba sehemu ya hasara hiyo, bendera itatiiwa. Asipokubali, itapepea tu huku mitumbwi ikitoka.