Nilinunua kadi ya grafiki kwa karo ya chuo, na haikuingia

Kila nikiposti klipu ya gemu, lazima atokee mtu aniandikie, "Kaka, hiyo grafiki ni ya viazi, nunua kadi." Sawa. Nilinunua. Hii stori sijawahi kuwapa kwa sababu ya aibu, lakini wiki jana kuna mtu wa damu yangu alitaka kurudia kosa lilelile, kwa hivyo wacha niiseme tu tumalizane.

Mwaka wangu wa pili chuoni Nairobi nilikuwa na Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, ex-UK, niliyonunuliwa na mjomba. Ndani ina Core i5-4590 na RAM ya gigabaiti 4. Kadi ya grafiki hakuna. Picha zinachorwa na Intel HD 4600 iliyo ndani ya prosesa yenyewe. GTA V ilitoka kwa PC Aprili 2015, mimi bado nilikuwa naihangaikia miaka mingi baadaye, nikiitazama inavyokwama kama slaidi za picha za harusi.

Mama akanitumia 30,000 za karo. Pesa ya mahamri na mbaazi hiyo, mtu anaamka saa tisa usiku kila siku hapo Ukunda akande unga. Nikatoa 14,000 nikaingia mjini kununua GTX 1050 Ti ya mkono wa pili. Nilijiambia nitazirudisha kabla ya mitihani, kuna watu wa harusi walikuwa wameniahidi kazi ya kuedit video.

Kadi haikuingia kwenye sanduku. Haikuwa mbovu, wala aliyeniuzia hakunidanganya. Ilikuwa na kimo kirefu kuliko sanduku lenyewe. OptiPlex nyembamba inataka kadi za kimo kifupi, na 1050 Ti ya kimo kifupi ipo kabisa, mimi ndiye sikujua kwamba kadi zina vimo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya umeme peke yake: kadi inakula wati 75, pawa sapalai inatoa 255, nikaona tumeshinda. Rula ya shilingi ishirini ingeniokoa. Niliirudisha dukani kwa 8,000.

Siwezi kusema niliacha chuo kwa sababu ya kadi. Kazi za harusi hazikuja, karo haikukamilika, mtihani sikuruhusiwa kukaa, na nikishaenda nyumbani likizo ile sikurudi tena. Lakini hizo 6,000 zimo ndani ya hesabu. Mama nilimwambia ukweli baada ya miezi minne. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Hiyo kadi ni kama ile ya benki?"

Nimefika nyumbani sina kadi wala hela, nina dirisha la setingi pekee. Na wallahi hapo ndipo nilijua nilikuwa nalilia kitu ambacho si shida yangu.

Watu wanachanganya kung'aa na kuteleza. Kung'aa ni pikseli. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na chipu inazichora zote upya kwa kila fremu. Ukishuka 1280 kwa 720 zinabaki 921,600, chini ya nusu ya ile kazi. Kuteleza ni kitu kingine, ni muda unaopita kati ya fremu moja na inayofuata. Gemu ikienda fremu 30 kwa sekunde, kila fremu inakuja baada ya milisekunde 33 hivi. Jicho linaweza kusamehe 33, mradi zije kwa mpangilio. Halisamehi 60, halafu 22, halafu 50, halafu 19. Chukua matatu ya Likoni kwenda Ukunda: dereva anayeshikilia hamsini moja kwa moja na yule wa kukimbia tisini halafu breki kila tuta. Mnaweza kufika pamoja, ila tumbo lako litajua ulipanda ya nani.

Yangu ilikuwa ya tisini na breki. Kwa wastani ilikuwa inasoma fremu thelathini na kitu, kwenye karatasi poa kabisa, na haichezeki.

Kwa hivyo nikaanza kukata. MSAA, ile ya kulainisha kingo za vitu, ya kwanza kufa. Vivuli na uakisi, chini kabisa. Nyasi ndizo zilinishangaza: mjini huoni tofauti yoyote, lakini panda kule Mount Chiliad na nyasi zikiwa juu, fremu zinaanguka kama madafu. Tekscha, yaani zile picha zinazovishwa kuta na barabara na nguo, niliziacha kawaida, maana zinataka memori zaidi kuliko jasho. Halafu V-Sync. Kwenye GTA V ina chaguo la nusu, wengi hawajawahi hata kuligusa. Kwa monita ya hezi 60 linakufungia 30, haipandi wala haichezi. Nikaliweka. Nikaendesha gari kutoka ufukweni mpaka milimani na sikukwama hata mara moja. Nilikaa pale kama mjinga nikicheka peke yangu.

Siwadanganyi, 720 kwenye monita ya 1080 ina ukungu. Pikseli hazigawanyiki sawasawa, maandishi madogo yanavimba. Siku mbili tatu inakera. Halafu unasahau, ila kukwama husahau kamwe.

Kitu pekee nilichonunua ni kijiti cha pili cha RAM, gigabaiti 4, shilingi 900. Chipu ya ndani haina memori yake, inaazima RAM ya kompyuta. Kijiti kimoja cha DDR3-1600 kinapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, viwili vikikaa kwenye njia zake vinapitisha 25.6. Ni Likoni ikiwa na feri moja na Likoni ikiwa na mbili, nyinyi mnaijua ile foleni. Na fungueni sanduku mtoe vumbi na brashi ya rangi, hasa kaskazi ikivuma na joto la Januari. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, halafu unakuja kulaumu gemu.

Sasa wiki jana. Binamu yangu wa Msambweni, kamaliza kidato cha nne, ananitumia ujumbe wa sauti: "Braza, niko na elfu kumi na tano, niweke kadi gani kwa laptopu?" Kwanza, laptopu ile haina hata mahali pa kuweka kadi. Pili, hizo elfu kumi na tano najua zimetoka wapi. Bibi aliuza mbuzi wawili ili aende chuo cha ufundi.

Sikumjibu. Nilipanda matatu kesho yake asubuhi, na mfukoni kijiti cha RAM cha laptopu nilichonunua kwa hela yangu. Tukipita Gazi bado napanga nitaanzaje. Nilipofika nikamwambia yote, na ile ya 14,000, na ya mtihani. Alicheka kwenye kadi kukataa kuingia, halafu akanyamaza.

Tukafungua laptopu, tukaweka kijiti. Chaja ikae kwenye stima, maana kwa betri nyingi hujibana nguvu. 720, nyasi chini, vivuli chini, V-Sync nusu. Akaanza kuendesha. Bibi alikuwa nyuma yetu kwenye mkeka anachambua mchicha, hakuna aliyemwambia tunafanya nini. Baada ya muda akainua macho, "Hiyo gari leo mbona haikwami?"

Binamu akasimamisha gemu, akaingia ndani, akatoka na zile elfu kumi na tano akamwomba amuwekee mpaka siku ya kujisajili. Bibi akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso, akarudi kwenye mchicha wake.