Mlima Gelai uko Nairobi, nenda ukauone

Mpenzi msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi na Jumapili imekukuta huna mahali pa kuwapeleka watoto, usihangaike kutafuta pesa za kwenda mbali. Panda matatu hadi katikati ya jiji, teremka karibu na stesheni kuu ya reli, kisha utembee dakika chache hadi Makumbusho ya Reli. Huko utauona mlima mzima ukiwa umesimama juu ya reli.

Usicheke. Mlima huo unaitwa Gelai. Gelai wenyewe uko kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Huu wa Nairobi ni kichwa cha garimoshi la mvuke, nambari 5918, chenye jina Mount Gelai. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, vikaletwa huku mnamo 1955 na 1956. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Vingine, vidogo kuliko hivi, vilipewa majina ya jamii zetu.

Ukitaka kuwa mtazamaji hodari wa magarimoshi, anza na nambari. Usiisome 5918 kama elfu tano na ushei. Ikate katikati. Hiyo 59 ni aina ya kichwa, nayo 18 ni nafasi yake katika orodha ya aina hiyo. Basi kile cha 5930, Mount Shengena, ambacho nacho kimo katika makumbusho hayo, ni cha thelathini. Wafundishe watoto siri hiyo ndogo, kisha uwaachilie. Utawaona wakikimbia kutoka kichwa hadi kichwa wakikusomea nambari kama walimu.

Wakichoka na nambari, waambie wahesabu magurudumu ya Gelai. Wakihesabu sawasawa pande zote mbili watapata 28. Kati ya hayo, 16 ndiyo makubwa yanayosukumwa na mvuke, na kila moja lina kimo cha sentimita 137, yaani kimo cha mtoto wa miaka kumi hivi. Mtoto wa umri huo asimame kando ya gurudumu ajipime. Kichwa chote kina urefu wa zaidi ya mita 31, na kikijazwa maji na mafuta huwa na uzito wa tani 252 hivi.

Pengine utauliza, kulikuwa na haja gani ya kuunda dude kubwa kiasi hicho? Jibu liko katika safari yenyewe. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa huanzia pwani, ikapanda hadi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari ifikapo Nairobi, mwendo wa kilomita 530 hivi. Njiani mna miinuko na kona. Kichwa kifupi kingekosa nguvu za kuvuta mzigo mzito, na kirefu cha kawaida kingeshindwa kukata kona. Mhandisi Mwingereza aliyeitwa Herbert Garratt alikuwa amekwisha kupata dawa ya shida kama hiyo. Alichukua bwela moja kubwa, ndiyo pipa la kuchemshia maji, akaiweka katikati. Kisha akaiegemeza juu ya mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja ukiwa na magurudumu na pistoni zake. Penye kona mitambo hiyo hugeuka kila mmoja kivyake, nacho kichwa hupinda kama jongoo. Isitoshe, uzito hugawanyika juu ya magurudumu mengi, reli isilemewe.

Matokeo yake ni kwamba, katika reli zote duniani zenye upana wa mita moja, hakuna vichwa vya mvuke vilivyopata kuvishinda hivi vya 59 kwa nguvu. Havikula kuni wala makaa ya mawe, bali mafuta mazito. Kazi yao kubwa ilikuwa mizigo ya kutoka bandarini Mombasa, lakini abiria nao walivutwa navyo. Dizeli ziliposhika njia, vilianza kustaafishwa mmoja baada ya mwingine, na kufikia 1980 kazi yao ilikuwa imekwisha. Hata hivyo, mapema katika miaka ya 2000 Gelai ulifufuliwa, ukawasha moto tena na kuvuta abiria katika safari maalumu. Waliokuwapo waliona kwa macho yao wenyewe kile ambacho wengine tumesimuliwa tu.

Nami nilidhani nimekwisha kuujua mlima huu, kwa sababu nilikuwa nimeutembelea mara tatu na kusoma kila kibao. Kumbe sikuwa nimejua lolote. Jumapili moja nilimpeleka mjomba wangu, mzee ambaye ujanani alikuwa mchochea moto katika vichwa vya aina hiyo. Kwa miaka yote niliyomfahamu hakuizungumzia kazi hiyo, nasi nyumbani hatukuwahi kumwuliza. Nilikwenda pia na mwanangu wa miaka kumi na mmoja, akiwa na daftari lake la kuandikia nambari.

Tulipofika mbele ya Gelai, mzee alivua kofia. Alitaka kupanda ngazi ya kuingia chumba cha dereva, lakini goti lilikataa. Basi mtoto akapanda peke yake, mzee akabaki chini, mkono kwenye chuma. Punde nikasikia sauti kutoka juu.

"Babu, huku kuna kioo chembamba kimesimama wima!"

"Hicho ni cha kuonyesha maji ya bwela. Tafuta cha pili, viko viwili. Kimoja kikikudanganya, unauliza mwenzake. Maji yakipungua mno, bati lililo juu ya moto hulainika, na bwela hupasuka. Hapo hakuna wa kusimulia."

"Na hiki cha kuzungusha, karibu na mlango wa moto?"

Mzee akacheka. "Hicho ndicho kilichokuwa kikinilisha mimi. Ni cha mafuta. Unatazama moshi kule mbele. Ukiwa mweusi, umemwaga mafuta mengi, punguza. Ukiwa mweupe, moto una njaa, ongeza. Na mkifika penye mlima, unaongeza kabla dereva hajafungua mvuke, usingoje kuambiwa."

Waliendelea hivyo kwa muda mrefu, mmoja juu akieleza anachokiona, mwingine chini akitaja jina na kazi yake bila hata kutazama. Watu waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza. Mwanangu aliandika yote. Kisha akauliza juu ya mkono mmoja mdogo uliokuwa upande wa dereva.

Mzee alinyamaza. Akafumba macho, akainua mkono wake hewani kana kwamba anaushika. "Huo nimeusahau," akasema hatimaye. "Haukuwa wangu. Angeujua dereva wangu."

"Yuko wapi, babu?"

Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari za dereva huyo. Alikuwa mtu wa Upare, Tanzania, na walifanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa. Wakati huo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na mtu alipangiwa kazi popote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, reli nayo ikagawanywa, kila mtu akashika njia ya kwao. Dereva alirudi Upareni. Waliagana wakidhani ni kwa miezi michache, na hawakuonana tena.

Mzee aliniomba nimpeleke kwenye kile kichwa kingine, 5930. Nilidhani anataka kukilinganisha na Gelai. La, hakukikagua hata kidogo. Shengena ni mlima wa Upareni. Alisimama pale kitambo, kisha akasema twende nyumbani, jua limekuwa kali.

Mpenzi msomaji, nimekusimulia hayo kwa sababu moja. Chuma kinaweza kupakwa rangi na kutiwa grisi kikadumu miaka mia. Kibao kinaweza kukwambia uzito na mwaka wa kuundwa. Lakini namna ya kusoma moshi haimo katika kibao chochote pale. Imo katika vichwa vya wazee. Mitaa kama Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na watoto na wajukuu wao wametapakaa jiji zima. Huenda mmoja wa wazee hao anakaa jirani yako, au yuko sebuleni kwako sasa hivi akisikiliza redio.

Basi utakapokwenda, nenda asubuhi kabla ya jua kupanda, vaa viatu vilivyofunika vidole, na uombe ruhusa kabla ya kupanda popote. Watoto wakitaka kisa cha kutisha, waonyeshe behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, aliuawa na simba huko Kima mnamo Juni 1900. Beba daftari na kalamu. Zaidi ya yote, beba mzee. Mwekee kiti kivulini karibu na kichwa alichokijua, umwache mtoto aulize. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti neno lenyewe liulizwe.

Daftari la mwanangu liko mezani ninapoandika makala haya. Ameorodhesha vifaa kumi na viwili vya chumba cha dereva, na mbele ya kila kimoja ameandika kazi yake kwa maneno ya babu yake. Mbele ya kile cha kumi na mbili ameacha nafasi tupu. Anasema hataijaza kwa kubahatisha, anangoja kupata mtu anayejua. Ikiwa nyumbani kwako kuna mzee aliyeendesha kichwa cha 59, tafadhali mwulize leo.