Fungu la Asiyekuwepo

Baba yangu alikuwa fundi cherehani River Road, Nairobi, na Desemba ndiyo iliyokuwa mavuno yake. Wateja walimpandia ngazi na vitambaa vya Krismasi, naye akashona hadi usiku, matatu za kurudi Kangemi zikishakuwa za kuhesabika. Nguo zetu sisi wanawe zilikuja mwisho. Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi alitupanga sebuleni, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba, akatupima kwa utepe wake mabegani na kiunoni, kisha akaandika nambari katika daftari la jalada gumu. Kila mwaka ukurasa mmoja, kila mtoto mstari mmoja.

Ukurasa wa 2018 una majina manne na mistari mitatu ya nambari. Jina langu ni la pili kutoka juu. Mbele yake hakuna kitu.

Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi Leipzig, Ujerumani. Mitihani ilikuwa Februari, na nauli ya ndege ya Desemba ilituzidi kimo. Tulipiga hesabu kwa simu majuma mawili, hadi Baba akakata shauri: "Kaa usome. Krismasi huja kila mwaka." Nikakubali, maana lilikuwa neno la kweli. Mei iliyofuata nilirudi nyumbani kumzika.

Aliyekulia Kangemi hahitaji kalenda kujua kwamba Krismasi imewadia. Kuanzia tarehe 20, ukingo wa Barabara ya Waiyaki hujaa magunia, magodoro na watoto waliovishwa sweta kwa ajili ya baridi ya Limuru. Makanga huita Kakamega, Mumias, Busia, na nauli hupanda kila saa. Katikati ya jiji nako watu hupungua siku baada ya siku, hata mtu akaweza kuvuka Mtaa wa Tom Mboya bila kugongana mabega na yeyote. Jiji zima hukiri mara moja kwa mwaka kwamba kwao ni kwingine.

Leipzig nayo ilikiri hivyo hivyo. Niliwaona wenzangu wakiburuta masanduku kuelekea stesheni kuu ya treni, mmoja mmoja, hadi bweni likabaki na mwanga wa korido tu. Tarehe 24 maduka yalifungwa mchana. Madirishani, kama ilivyo desturi ya watu wa Sachsen, waliweka taa za mishumaa zilizopangwa kwa umbo la upinde, na nyuma ya kila upinde niliona familia imeketi mezani. Hakuna aliyenitendea ubaya. Ila kila mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu njema, na mimi nilikuwa nje ya sababu hiyo.

Sikuwa wa kwanza. Katika mji huo huo, Taasisi ya Herder iliwafundisha Kijerumani wanafunzi kutoka Afrika katika miaka ya 1960, enzi ambazo Jaramogi Oginga Odinga aliwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo katika nchi za mashariki ya Ulaya. Kabla yao, mnamo Septemba 1959, ndege iliyoandaliwa na juhudi za Tom Mboya ilikuwa imewapeleka wanafunzi 81 Marekani. Hao wote walitegemea barua. Habari za Krismasi ya nyumbani ziliwafikia sikukuu ikiwa imekwisha poa. Mimi nilikuwa na simu inayoonyesha nyuso, nikajiona sijakosa kitu. Sikujua kwamba simu hupokea habari, na nyumba haiishi kwa habari. Nani alicheka kabla mzaha haujaisha, nani alisogeza kiti, nani alinyamaza: hayo hakuna anayepiga simu kuyaeleza.

Nilianza kuyajua usiku wa matanga. Watu waliota moto, wakamsimulia Baba, na kila simulizi ikarudi kwenye Krismasi ile, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ndugu zangu wakabishana kuhusu firigisi. Kwetu Kakamega kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, na hakuna anayeigusa. Dada mkubwa alisema mwaka ule Baba alimpa kitinda mimba. Kitinda mimba akaapa hakuionja. Aliona ikirudishwa chunguni. Mama akasema wote wamekosea: Baba aliiacha sahanini, akaifunika, akatoka nje, na aliporudi chakula kilikuwa kimepoa. Walibishana huku wakicheka na kulia, wakiwa na haki ya kubishana. Mimi niligeuza uso kwa huyu na kwa yule, kama mgeni anayesimuliwa habari za marehemu wa watu wengine.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Usiku huo niliusikia msemo huo upya. Mali ya Baba iligawanywa kwa siku moja: cherehani, shamba, baiskeli. Lakini mirathi kubwa ilikuwa Krismasi ile, na hakuna mzee wa ukoo angeweza kunikatia fungu langu.

Kwa miaka kadhaa sikusema neno kuhusu simu aliyonipigia Baba Krismasi ile. Niliiona ndogo mno. Kwangu ilikuwa saa kumi alasiri, kwao saa kumi na mbili. Uso wake ulitokea, ukuta wa jiko ukiwa nyuma yake, naye akiwa peke yake.

"Mbona huko giza?"

"Jua limeshazama, Baba."

"Saa kumi?"

Alinyamaza. Nilimwona akiniwazia, mzee aliyezoea jua lisilobadili saa zake mwaka mzima. Kisha akaigeuza simu, akaielekeza magharibi, juu ya miwa ya jirani, kwenye jua lililokuwa bado lina kimo cha mtu.

"Basi tazama letu," akasema.

Tukalitazama pamoja bila maneno, yeye akiwa ameshika simu yake na mimi yangu, hadi mtandao ukakatika.

Desemba iliyopita, tulipokuwa mezani Kakamega, ubishi wa firigisi ulianza tena. Nikawaeleza habari za simu ile. Mama aliweka kijiko chini, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiko alikokwenda," akasema.

Daftari sasa ninalo mimi. Zamani nilidhani mstari ule mtupu ni alama ya kukosa kwangu. Sasa ninaona kwamba, kabla ya kuwapima waliokuwepo, aliandika kwanza majina yote manne.