Kampala kwa Miguu: Kutoka Kilima Hadi Kilima

Mgeni afikaye Kampala huambiwa kwamba mji huo ulijengwa juu ya vilima saba. Leo mji umekwisha kuenea juu ya vilima vingi zaidi ya hivyo. Kati ya kilima na kilima pana bonde, na katika mabonde hayo motokaa, teksi na bodaboda husongamana asubuhi na jioni. Hapo mwenye gari huketi akiitazama saa yake, hali mahali aendapo anapaona kwa macho ng'ambo ya bonde.

Wakazi wengi wa mjini hawaujui umbali wa safari zao. Huupima kwa nauli, au kwa muda waupotezao njiani. Ramani zilizomo katika simu zimewafumbua macho. Mtu hutaja mahali aendako, akagusa picha ya mtu atembeaye badala ya picha ya gari, na mara huonyeshwa njia pamoja na idadi ya dakika. Safari iliyodhaniwa kuwa haiwezekani bila gari huonekana kuwa ni ya nusu saa.

Na tutazame safari moja. Mtembeaji aanze Old Kampala, mahali ambapo Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890, na ambapo sasa umesimama Msikiti wa Taifa uliofunguliwa mwaka 2008. Huteremka hadi Bakuli, kisha hupanda Namirembe, penye kanisa kuu la matofali mekundu lililokamilika mwaka 1919. Mteremkoni hukutana na Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897. Mbele zaidi ni Bulange, nyumba ya Baraza la Buganda. Kutoka hapo barabara iliyonyooka huelekea Lubiri, kwenye jumba la Kabaka, mwendo wa maili moja, yaani kilomita 1.6. Kwa miguu ni dakika 20 hivi. Njiani pana mzunguko wa magari wenye njia ipitayo katikati, ambayo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake. Watu wengine wote huzunguka. Dereva mwenye haraka huzunguka asijue sababu. Mtembeaji husimama, akauliza, akaelezwa.

Hata hivyo, ramani ni mshauri tu. Aghalabu mtu huona urefu wa njia akasahau mwinuko wake. Askari aliyefunzwa kusoma ramani huijua kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Basi kilima cha mita 60 huongeza dakika 6. Mwenye mtoto mgongoni au mzigo kichwani na aongeze tena.

Ramani pia haioni kila kitu. Kichochoro kilichochorwa huenda kimefungwa kwa lango, na daraja la mbao juu ya mtaro huenda limechukuliwa na mvua. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea, hivyo mkazi aonaye kosa aweza kulisahihisha kwa faida ya jirani yake.

Jambo kubwa kuliko yote ni usalama. Nchini Uganda waendao kwa miguu ni miongoni mwa wafao kwa wingi katika ajali za barabarani. Pasipo na njia ya miguu, mtembeaji apite upande wa kulia, ayaelekee magari yajayo. Ramani isomwe kabla ya kuondoka, na simu itiwe mfukoni wakati wa kuvuka barabara. Njia fupi yenye hatari haifai. Afadhali ndefu yenye watu na mwangaza.

Yafaa basi wazazi watenge asubuhi moja ya Jumamosi, waitembee pamoja na watoto njia ya shuleni, ya sokoni na ya zahanati, wakiandika dakika za kila moja na mahali pa kuvukia. Gari, au fedha ya nauli, iwekwe kwa safari za mbali, mizigo mizito, usiku na mgonjwa. Siku mvua itakapojaza mabonde na magari yasiweze kupita, jamaa hiyo itajua ni njia ipi ya juu iwezayo kuwafikisha nyumbani.