Kigali hadi Lubumbashi: kilomita ni zile zile, safari imerefuka

Hapa Buluo, mjini Likasi, kuna familia zenye ndugu Goma. Swali lao ni moja: mtu akitoka kule, atafika Lubumbashi baada ya masaa mangapi? Anayejibu kwa kuangalia ramani peke yake atawadanganya.

M23 iliteka Goma mwisho wa Januari 2025, na uwanja wa ndege wa mji ule ukafungwa. Tangu hapo msafiri anavuka mpaka wa Rwanda, kisha anapanda gari mpaka Kigali, kama kilomita 160, masaa 3 ao 4. Toka Kigali mpaka uwanja wa Luano, Lubumbashi, ni karibu kilomita 1,100 kwa mstari ulionyooka. Ndege ingefika kwa masaa 2 hivi.

Lakini Februari 2025 Congo ilifunga anga yake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Msafiri akizunguka kupitia Addis Ababa, anaruka zaidi ya kilomita 1,500 kwenda kaskazini, kisha karibu 2,600 kurudi kusini. Jumla ni zaidi ya 4,000. Masaa 6 yanaishia angani, bila kuhesabu kungojea ndege ya pili.

Mama mmoja wa Buluo aliuza mashine yake ya kushona ili binti yake na wajukuu wawili watoke Goma. Alijiandaa kuwapokea siku ile ile. Walifika siku ya tatu, watoto wamelala mabegani, fedha ya chakula imeishia njiani. Na toka Lubumbashi bado kulibaki kilomita 120 za barabara mpaka Likasi.

Jambo hili si geni kwa wakaaji wa mji huu. Septemba 1961, wakati Likasi ikiitwa Jadotville na Katanga ikiwa imejitenga, askari wa ONU kutoka Irlandi walizingirwa hapa, wakajisalimisha tarehe 17. Siku ile ile Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, aliruka toka Léopoldville kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kuonana na Moïse Tshombe. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,700. Kwa kuogopa ndege ya vita ya Katanga, rubani alizunguka upande wa ziwa Tanganyika, na safari ikapita masaa 6. Ndege ilianguka karibu na Ndola usiku ule. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania alipewa na ONU kazi ya kuchunguza sababu yake tangu 2015.

Vita ndiyo inayorefusha njia, zamani na sasa. Basi, kabla ya kulipa tiketi, familia iulize: ndege inapitia wapi, itangojewa masaa mangapi, mipaka ni mingapi, karatasi za watoto na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zipo? Iangalie pia saa: Kigali na Lubumbashi zina saa moja, lakini Addis Ababa iko mbele kwa saa moja. Na fedha ya chakula ihesabiwe kwa siku, si kwa masaa.